Sheria Iliyouliza Asili ya Mtu

Wazee wetu wa Unyambwa waliokwenda mjini Singida kununua nguo na chumvi kwa wafanyabiashara wa Kihindi, huenda hawakupata kuuliza kwa nini wageni wale waliachwa wakae na kuchuuza bara yote ya Tanganyika, ilhali ndugu zao waliohamia Kenya, chini ya bendera ile ile ya Mwingereza, walikatazwa shamba katika nyanda za juu. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni, aliagiza kwamba, kwa wepesi wa utawala, Wahindi wasigawiwe ardhi huko. Sheria ya 1915 ikampa Gavana mamlaka ya kuzuia mauziano ya ardhi baina ya watu wa asili mbalimbali. Na waraka wa serikali ya Uingereza wa 1923, uitwao wa Devonshire, pamoja na kukiri kuwa maslahi ya Mwafrika ndiyo yatangulie, ukawaachia Wazungu nyanda hizo.

Huku kwetu mambo yalikuwa mengine, wala si kwa ukarimu wa watawala, bali kwa sababu hati ya udhamini wa Tanganyika iliyotolewa na Shirikisho la Mataifa, katika fungu lake la 7, ilimlazimu Mwingereza awape raia wa nchi zote wanachama haki sawa za kuingia, kumiliki mali na kufanya biashara. Na Bara Hindi ilikuwa mwanachama, na Japani vilevile. Basi tazameni ajabu hii: Mjapani ambaye sheria ya California ya 1913 ilimnyima ardhi kwa hila ya kuwataja tu wasiostahili uraia, na ambaye Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia uraia huo mwaka 1922 katika shauri la Takao Ozawa kwa kuwa si mweupe, huku Mchina kibarua akiwa amekwisha fungiwa mlango tangu 1882, angalilindwa Tanganyika na fungu moja la maandishi. Nami nasema bila kusita kwamba kizuizi kinachoondoshwa na fungu moja hakikuwa kamwe hukumu ya maumbile. Kilikuwa dhuluma iliyoandikwa na watu.

Hata hivyo fungu lile halikumkinga mwenye nchi. Mhindi aliweza kufunga duka lake kupinga sheria za leseni na kodi, kama walivyofanya wengi mwaka 1923. Mnyaturu wa Singida aliyekopa dukani, yeye, sheria ya mikopo ilimhesabu kama mtoto asiyejua lake, deni lake lisidaiwe mahakamani pasipo idhini ya serikali.