Darasa la Maji Mafu: Kurudi Skuli Ukubwani kwa Ajili ya Uuguzi Kisiwani Pemba



Nimeombwa nizungumze juu ya watu wazima wanaorudi kusoma ili wawe wauguzi. Mimi ni mmoja wao. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1998 nikiwa na alama nzuri ya Dini na alama za sayansi zisizoweza kunifikisha popote. Nikaolewa, nikazaa wanne, nikapata kazi ya mhudumu katika wodi ya wazazi: kupiga deki, kufua mashuka, kubeba vyombo. Miaka tisa nilipita na ndoo baina ya vitanda.

Usiku mmoja mama mjamzito alinishika mkono akaniambia, "Dada, macho yangu yana ukungu, na kichwa kinanipasuka." Miguu yake ilikuwa imejaa maji. Nilikwishaona wanawake wawili wakiingia katika kifafa cha mimba baada ya maneno kama hayo, basi nikaacha ndoo nikamkimbilia nesi wa zamu. Presha ilipimwa, ikakutwa iko juu mno. Akachomwa magnesiamu, akajifungua salama asubuhi. Nesi alinishukuru mbele ya wenzake. Nikarudi kwenye ndoo yangu na swali lililonikosesha usingizi kwa wiki nzima: kwa nini macho? Kuna uhusiano gani baina ya mimba, miguu na macho? Dalili nilizijua, lakini sababu yake sikuwa nayo. Nilikuwa na miaka 34 nilipoanza kuitafuta.

Leo nasema jambo moja tu. Katika miaka yangu ya kuwasaidia wenzangu wanaotaka kufuata njia hii, sijamwona hata mmoja aliyeshindwa kwa sababu ubongo wake umezeeka. Nimewaona wakishindwa na kalenda. Tunawafungulia madarasa yaliyopangwa kwa ajili ya kijana wa miaka 17 anayepikiwa na mama yake, kisha tunashangaa mama mwenyewe anapokosekana darasani.

Masomo matatu

Mlango wa stashahada ya uuguzi nchini Tanzania unajulikana. Unatakiwa uwe umefaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne, si chini ya alama D, na ndani yake ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi. Naomba tulitazame hilo kwa utulivu, maana hapa kwetu lina uzito. Wanawake wengi wa rika langu tulianza chuo cha Qurani kabla ya skuli. Elimu ya Dini ndilo somo tulilolimudu, na ndilo linaloachwa nje ya hesabu. Siombi kanuni ilegezwe: muuguzi asiyejua kemia ni hatari kwa mgonjwa. Nasema tu kwamba mwanamke huyu anaporudi, hana masomo mawili matatu ya kujazia. Anaanza na sifuri katika yale yale yaliyomtisha akiwa binti.

Na wapo walio nyuma zaidi, walioishia kidato cha pili enzi ambazo wengi wetu tuliishia pale. Hao huanza na Mtihani wa Maarifa, kisha wasubiri wafanye wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Kila Mpemba aliyemo humu anajua Novemba ni wakati gani: karafuu za vuli zinapokubali, mitini kuna watu na majamvini kuna karafuu, na pesa ya mwaka mzima inatafutwa kwa wiki chache. Mama anayeacha kuchuma ili akafanye mtihani wa Fizikia anaacha ada yake mwenyewe mtini.

Kitu kingine ni maabara. Mtahiniwa wa kujitegemea husoma kemia ya daftari. Mimi nilikariri maana ya kukeneka kwa miezi miwili bila kuelewa, nami nilikuwa nikipita kila wiki karibu na kiwanda cha makonyo pale Wawi, ambako makonyo ya karafuu hupikwa kwa mvuke, mvuke ukapoozwa, yakapatikana mafuta. Somo zima lilikuwa likinukia puani mwangu. Mwalimu mmoja wa kujitolea ndiye aliyenionesha, na baada ya siku ile sikuisahau tena. Ni yeye aliyetufundisha osmosisi kwa samaki: ukimtia chumvi ili umfanye ng'onda, maji yanatoka ndani ya mnofu kuifuata chumvi. Mwanamke wa Micheweni amelijua hilo tangu utotoni. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hilo ni somo, na kwamba chembe hai za mgonjwa wetu hufuata sheria hiyo hiyo akitundikiwa dripu isiyomfaa.

Hesabu ya dripu

Nikitaja dripu nakumbuka hofu kubwa kuliko zote, hesabu. Wanafunzi watu wazima huniambia, "Mimi hesabu basi." Huwa nawapa hii. Mgonjwa ameandikiwa lita moja ya maji kwa saa 8. Mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita. Atiririshiwe matone mangapi kwa dakika? Lita moja ni mililita 1,000, mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawa, utapata 41 na ushei, tunaandika 42. Basi.

Mara ya kwanza kuifanya hesabu hii mbele ya darasa, mama mmoja alikaa kimya na kalamu mkononi. Nilimjua, ana mikarafuu kwao. Nikamwuliza: umeita wachumaji saba, kila mmoja amekuja na pishi zake, wengine na vibaba juu yake, na bei ya pishi mmepatana asubuhi, jioni unamlipa kila mtu chake, unaandika wapi? Akasema haandiki, anahesabu kichwani. Na hakosei, maana akikosea kesho hapati mchumaji. Nikamwambia tone ni kibaba na dakika ni mchumaji. Alicheka, akaifanya. Leo yuko mwaka wa pili.

Lugha ni mlima mwingine. Masomo na mitihani ya uuguzi ni kwa Kiingereza, wakati mgonjwa analia kwa Kipemba. Mimi nilitengeneza daftari la safu tatu: upande mmoja neno la kitabu, katikati maana yake kwa Kiswahili sanifu, mwisho namna bibi wa Makangale atakavyolisema akija na maumivu. Safu ile ya tatu haimo katika kitabu chochote nilichosoma, na ndiyo inayonisaidia zaidi kazini.

Bamvua na maji mafu

Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara huku Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa mfuko wa mwanamke wa pwani. Ada nyingi ninazozijua zimetoka kwenye kamba za mwani. Lakini mwani una saa yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali asubuhi, na mama yuko pwani tangu saa mbili hadi karibu na adhuhuri akifunga, akivuna, akibeba. Wakati wa maji mafu, mwezi saba, nane, na tena ishirini na mbili, ishirini na tatu, maji hayatoki vya kutosha, naye yuko nyumbani.

Sasa chukua darasa la marudio la kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Jumamosi haijui mwezi. Wiki mbili atahudhuria, wiki mbili atakosa, na atakaporudi wenzake wamefika asidi na besi yeye bado yuko kwenye atomi. Mwezi wa tatu anaacha. Mwalimu ataandika katika ripoti yake kwamba akina mama hawana mwamko. Nimewahi kuisoma ripoti ya namna hiyo na iliniuma, kwa sababu wanawake walioandikwa mle niliwajua kwa sura.

Tulijaribu, wauguzi watatu na mwalimu mmoja, kulipanga darasa letu kwa mwezi badala ya juma. Siku tano mfululizo za maji mafu, mara mbili kwa mwezi, baada ya alasiri hadi magharibi. Hatukuwa na jina wala bajeti. Lakini watu walibaki.

Mkondo, mume na edda

Pemba ina watu 543,441 kwa sensa ya 2022. Wengi wanaopata nafasi ya uuguzi bado huvuka kwenda Unguja, Mbweni, kwenye skuli ya afya ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kwa kijana, kuvuka ni furaha. Kwa mama wa watoto wanne ni miaka mitatu ya kuwaachia bibi yao watoto, kukaa dakhalia na mabinti wanaomwita mama, na kupanda boti kila likizo. Wala tusilichukulie jepesi jambo la boti. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija huku kwetu, na shehia nyingi za Pemba zilibaki na misiba yake. Mwenzangu mmoja alipasi mtihani wote, akapata barua ya kujiunga, mama yake akamwambia hatompa radhi ya kuvuka. Sikumlaumu yule mzee. Alikuwa amepoteza wawili.

Waume nao tuseme nao kwa heshima. Wangu alikataa mwaka mzima. Kilichombadilisha ni kwamba nilimchukua akaona wodi usiku, akaona wanawake wetu wanavyotamani kuhudumiwa na mwanamke mwenzao, mtu mzima, anayejua sitara. Imamu wa msikiti wetu alimkumbusha Bibi Rufaida al-Aslamiya wa Madina, aliyekuwa na hema lake la kutibia majeruhi, ambamo Saad bin Muadh alilazwa alipojeruhiwa katika Vita vya Khandaki. Na kwa wanaopenda mifano ya mbali, Florence Nightingale alikuwa na miaka 31 alipokwenda kujifunza uuguzi Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, baada ya kupingwa na jamaa zake kwa miaka.

Kuna jambo ambalo vyuo havilipangi kwa sababu wanafunzi wake wa kawaida halijawafika: edda. Mwanafunzi mtu mzima anaweza kufiwa na mume katikati ya muhula, na miezi minne na siku kumi si likizo ya ugonjwa. Naomba masheikh na wakuu wa vyuo wakae pamoja waandike utaratibu wa kuahirisha masomo usiomrudisha mjane mwanzo.

Anachokuja nacho mtu mzima

Mwezi Machi 2024 Kisiwa Panza walikufa watu tisa, wanane wao watoto, baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa. Mwaka 2021 watu saba walikuwa wamekufa hapa hapa Pemba kwa sababu ile ile. Onyo lilikuwepo. Lakini mlo wa baba na babu hauachwi kwa tangazo. Unaachwa anapokuja mtu unayemjua, aliyekula pamoja nawe, akakaa jikoni, akakuambia sumu ile haitoki kwa kupika, na kwamba hata mtoto anayenyonya inaweza kumfikia kwa maziwa ya mama. Muuguzi wa miaka 40 aliyezaliwa kisiwa kile anaweza kuingia jikoni mule.

Wahudumu wa afya wa jamii waliomo katika mpango wa Jamii ni Afya wamekuwa wakifanya kazi hiyo nyumba kwa nyumba kwa miaka. Wanajua mama gani ana mimba ambayo bado hajaitangaza. Tumejengewa hospitali: Abdulla Mzee ya Mkoani ilifunguliwa upya mwaka 2016, na baadaye zikaja za wilaya kama Vitongoji na Kinyasini. Kuta na vitanda vinahitaji mikono, na Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa wauguzi unaokaribia milioni sita duniani kote. Hatutoazimwa na mtu. Mikono tunayo tayari, ila haina vyeti.

Ninaloliomba kwenu

Kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali: darasa la marudio la sayansi katika kila wilaya ya Pemba, kwenye skuli yenye maabara, lifuate mwezi. Maabara zetu zimefungwa kila jioni. Funguo ziko kwa mwalimu mkuu.

Kwa vyuo: ada ilipwe kwa msimu. Mwenye karafuu anazo pesa baada ya kuuza, na akilazimishwa mwezi wa ukavu ataweka rehani mikarafuu. Na miaka ya mtu wodini au katika afya ya jamii ihesabiwe wakati wa kuchagua, watu wawili wanapolingana alama.

Kwa masheha: mnaandika nani ana mtoto wa kwenda skuli. Andikeni pia mama gani anataka kurudi.

Mimi nilipoomba nafasi mara ya kwanza, mtu aliyepokea fomu yangu aliangalia tarehe ya kuzaliwa akaniuliza kama nimemletea mwanangu. Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikarudi tena wiki ya pili.

Karatasi niliyoibandika mlangoni ina tarehe za maji mafu za mwezi ujao na jina la skuli iliyokubali kutuachia maabara. Chini kuna nafasi ya majina. Mkitoka kwa chai, kalamu iko pale.