Kuhamisha Samaki wa Bahari
Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama



Tumetakiwa na Halmashauri tuseme machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalidhania kuwa mchezo wa matajiri, yaani kuhamisha samaki wa bahari kutoka tangi dogo la kioo kwenda kubwa. Lakini hapana hata mmoja wetu asiyejua uhamisho. Barua huja, tarehe hutajwa, na mtu hufika kituo kipya akakuta nyumba haina maji wala mlango. Samaki naye ni vivyo hivyo, ila yeye hana wa kumwandikia barua ya malalamiko.

Ufugaji huu si jambo jipya. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, iliwafungulia watu wote nyumba ya samaki. Na samaki wa matumbawe ya pwani ya Kenya huvuliwa wakapelekwa ng'ambo kwa kazi iyo hiyo. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kuwatunza.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Tulikabidhiwa tangi la lita 200 lililokuwa katika ukumbi wa ofisi moja, lenye samaki watano, tukaambiwa tuwahamishe katika tangi la lita 400 kabla ya wageni kufika. Basi tukafanya haraka, tukafanya na usafi. Mawe tuliyasugua kwa maji ya bomba, chujio tukalifua, mchanga wa zamani tukautupa. Tangi likameta, nasi tukasifiwa. Siku ya tatu samaki wakawa wakihema juu ya maji. Na wiki ilipokwisha, watatu walikuwa wamekufa. Tulidhani ni maradhi, kumbe tuliwaua kwa usafi wetu.

Sababu yake ni hii. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu, tena katika maji ya bahari huwa kali kuliko katika maji baridi. Wako vijidudu wasioonekana kwa macho ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni haba. Vijidudu hao hawakai sana ndani ya maji. Hushikamana na mawe, mchanga na chujio. Maji ya bomba yenye klorini huwaua. Tangi jipya lisilo na vijidudu hao huhitaji muda wa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwa salama.

Basi utaratibu ulio bora ni huu.

Siku moja kabla, tayarisheni maji mapya. Tumieni chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wala si chumvi ya jikoni. Kila lita hutaka kiasi cha gramu 35. Maji ya lita 200, basi, yatataka kilo 7. Yakorogwe kwa pampu usiku kucha, na joto lake na chumvi yake vilingane na vya tangi la zamani.

Siku yenyewe, vuteni maji safi ya juu kwa mpira mkayatie katika ndoo. Kisha toeni mawe, myaweke ndani ya maji hayo ya bahari yasikauke. Chujio nalo lisiachwe bila maji kupita kwa saa nyingi, maana vijidudu hukosa pumzi. Samaki washikwe baada ya mawe kutoka, kwa chombo laini, bila kufukuzwa huku na huku; ndoo yao ifunikwe, na pampu ya hewa iwemo. Mchanga wa chini usivurugwe samaki wakiwamo, kwani huficha uchafu na hewa yenye kunuka kama yai viza, nayo ni sumu. Tieni mchanga mpya, au osheni ule wa zamani kwa maji ya bahari.

Katika tangi kubwa hutangulia mchanga, hufuata mawe, kisha maji, chujio na pampu. Pimeni joto na chumvi. Vikiwa tofauti na vya ndoo, dondosheni maji ya tangi ndani ya ndoo polepole kwa muda wa saa moja, ndipo samaki waingie mwisho wa yote. Taa zizimwe siku hiyo, na chakula kiwe kidogo. Amonia na nitriti zipimwe kila siku kwa wiki mbili. Zikionekana, badilisheni sehemu ya maji mara moja. Wala msiongeze samaki wapya katika majuma hayo, ingawa nafasi yaonekana kubwa.

Wale wawili waliosalia tuliwahamisha tena baadaye kwa utaratibu huu, nao wakala chakula siku ya pili yake.

Ndugu zetu, tangi lilisifiwa lilipometa, na waliolichukua uhai wake hawakuonekana na mtu. Nasi tulio makarani twajua habari za kazi isiyoonekana. Siku mtakapopewa mamlaka ya kuhamisha cho chote chenye uhai, ulizeni kwanza ni nani aliyekuwa akikiweka hai, mkamhamishe pamoja nacho.