Nafasi Iliyochorwa Kiti

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme juu ya mtumishi wa umma na wananchi. Kwa ruhusa yenu nitasema juu ya maegesho tu, maana hapo ndipo nilipokosa.

Wa rika langu mtamkumbuka golikipa wetu, ambaye baadaye alipoteza miguu yote miwili ajalini. Siku hizi anaendesha bajaji. Chombo hicho huongozwa kwa mikono: klachi na gia kushoto, mafuta kulia. Tatizo ni breki, kwani hukanyagwa. Fundi alimuungia mkono wa chuma kwenye pedali, na kiti chake cha magurudumu hukikunja akakipakia nyuma, penye abiria.

Mwaka jana alikuja ofisini kwetu kufuatilia hati. Mbele ya mlango pana nafasi moja yenye alama ya kiti cha magurudumu. Mimi nilikuwa nimeegesha gari langu hapo, "dakika tano tu", nikaingia kikaoni, nikatoka baada ya saa mbili. Mlinzi naye alikuwa amemwambia kwamba bajaji si gari, akaegeshe nje, ng'ambo ya mtaro. Mtaro ule hauvukiki kwa kiti. Akageuza, akaenda zake.

Hakujua gari lile ni la nani. Jioni nilimpigia simu nikamweleza mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa nije lini?"

Ndugu zangu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtu huyu haki ya kufika katika majengo ya umma bila vikwazo. Nimeitaja mara nyingi katika barua za serikali, tena kwa kifungu!

Alama ile inamhusu mtu, awe amekuja kwa gari, kwa bajaji au kwa pikipiki iliyoongezwa gurudumu. Bajaji ina upana wa kama mita 1.3, basi wenye magari wakiona pamebaki upenyo hujipenyeza. Upenyo huo ndipo anapokunjulia kiti; ndiyo kazi ya ile mistari ya mshazari pia. Wala msikimbilie kumbeba mtu kabla ya kumuuliza. Na ninyi vijana, asubuhi nimeona baiskeli zenu zimeegemezwa kwenye njia ya mteremko ya maktaba.

Mwenzetu alirudi wiki iliyofuata, akapata hati yake. Leo yumo humu, amekaa karibu na mlango. Bajaji yake iko kule nyuma ya jiko, kwa kuwa mbele ya ukumbi tumejaza magari yetu. Naiomba kamati ichore nafasi mbili pale kabla ya mkutano ujao. Rangi na brashi nitaleta mimi.