Maradhi Yasiyopiga Hodi



Leo twataka kunena habari za klamidia, ugonjwa uenezwao kwa kujamiiana. Kisonono mara nyingi humchoma mwanamume akojoapo; lakini huu, wanawake walio wengi huwa nao wasisikie lolote, na wanaume wengi vivyo hivyo. Kumbe kijidudu chapanda polepole hata mirija ya uzazi, kikaiachia makovu, ikaziba. Ndipo mimba hukosekana, au hutunga nje ya mji wa mimba, ikahatarisha maisha ya mama. Mtoto naye aweza kuambukizwa azaliwapo, akaugua macho au mapafu.

Nasi tumeona mara ngapi mke akirudishwa kwao kwa kuitwa tasa, na mume asiulizwe neno! Huenda yeye ndiye aliyeuleta.

Dawa ipo: vidonge vya doksisiklini kwa siku 7, mjamzito hupewa dawa nyingine. Lakini akitibiwa mmoja, mwenziwe humrudishia. Huko Mwanza, kati ya 1991 na 1994, vijiji ambako zahanati zilitibu vyema magonjwa ya zinaa vilipungukiwa na maambukizo mapya ya ukimwi kwa kadiri ya 4 katika 10.

Basi mwendapo zahanati, nendeni wawili, wala msikawie. Makovu yakiisha kuwapo, vidonge haviyaondoi.