Neno la Katibu wa Kwaya: Mkunga wa Kizingitini

Historia ya kwaya mtaisoma kurasa za mbele. Sisi tuna jambo ambalo halimo humo.

Waasisi wetu watatu walikuwa walimu waliopelekwa kisiwa cha Pate, wakakaa Kizingitini, kijiji cha wavuvi. Wake zao walizalishwa na mkunga mmoja, mama wa Kiislamu aliyeianza kazi hiyo miaka ya 1950, mashua zikienda kwa tanga. Hakuwauliza dini. Malipo yake yalikuwa samaki, sukari, pengine kanga. Mpaka arobaini iishe alikuja kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, na uji wake wa pilipili manga mama zetu hawajausahau (wanasema pilipili ile haikuwa mchezo!).

Wazee wa kule husema aliujua mwezi na maji kama nahodha. Ilimbidi. Njia ya Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Enzi hizo maji yakitoka, chombo kilikaa juu ya tope mpaka yajae. Akishuku mtoto amekaa vibaya, alimhimiza mume amsafirishe mkewe mapema.

Usiku mmoja mke wa mwalimu wetu alijifungua, lakini kondo la nyuma halikutoka. Damu ikawa nyingi. Mkunga alisema wazi kwamba jambo limemshinda, atafutwe nahodha, akaingia naye mashuani. Walipofika Mkanda, maji yalikuwa yametoka. Mama yule alifariki pale, kichwa chake mapajani mwa mkunga.

Mtoto alinyonyeshwa na jirani Kizingitini. Leo anaimba besi katika kwaya hii.

Lakini kwetu alilaumiwa mkunga. Maneno yalisemwa, hata hapa uwanjani baada ya ibada, nasi tuliyasikia tukanyamaza. Alikufa hatujamwendea. Jubilei katika Maandiko ni mwaka wa kumrudishia mtu kilicho chake, basi tunarudisha jina lake jema, na tunaomba radhi kwa jamaa zake.

Binti yake yuko hapa. Aliondoka Pate alfajiri ili ayawahi maji. Shikamoo, mama. Ndugu yetu wa besi amekuwekea kiti huku mbele, karibu na kinanda.