Pikipiki ya Kwenda Kazini kwa Njia Kuu: Tuchague Ipi?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu na hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme habari ya pikipiki. Mtu ye yote asifikiri kwamba jambo hili ni la mchezo, au kwamba ni la vijana wapendao mbio tu. Kodi ya nyumba mjini Nairobi imewasukuma wenzetu wengi wakakae mbali: Thika, Kitengela, Machakos, na wengine hata Naivasha. Wanaondoka nyumbani kabla ya alfajiri, wanarudi usiku, na nauli inakula mshahara. Basi wanauliza: je, haifai ninunue pikipiki yangu mwenyewe? Na wakishaamua, wengi hununua ile ile ya bodaboda wanayoiona kila kona, kwa sababu ndiyo wanayoijua. Hapo ndipo nataka tusimame kidogo tufikiri.

Tuanze na hesabu. Mchukue mfanya kazi anayekaa Machakos na kufanya kazi Industrial Area. Safari yake ni kama kilometa 60 kwenda, na 60 kurudi. Kwa siku ni 120. Akifanya kazi siku 22 kwa mwezi, ni kilometa 2,640. Kwa mwaka ni zaidi ya 30,000. Hiyo si safari ya kwenda dukani. Ni kama kuizunguka dunia robo tatu kila mwaka, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni pamoja na malori ya kontena. Mashine ya kufanya kazi hiyo lazima ichaguliwe kwa kazi hiyo.

Jambo la kwanza ni nguvu ya injini. Bajaj Boxer 150, ambayo karibu kila mtu Kenya anaijua, ina injini ya cc 145 hivi na nguvu ya farasi 12 hivi. Ni pikipiki nzuri sana kwa kazi yake. Inabeba, inavumilia, na fundi wake hakosekani hata kijijini. Lakini kwenye njia kuu, ukitaka kwenda kilometa 90 kwa saa, umekwisha kukaribia mwisho wake. Umefungua moto wote, injini inalia, mikono inakufa ganzi, na huna akiba. Lori likikujia ubavuni, huna nguvu iliyobaki ya kutoka mahali hapo upesi.

Tena kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia. La kwanza ni upepo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma huzidi mara nne. Ndiyo maana pikipiki inayokwenda kwa raha kilometa 50 huonekana mgonjwa ikifika 90. La pili ni kwamba sisi tunakaa juu. Nairobi iko karibu meta 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja katika sita. Injini hupumua kama mtu. Ikipata hewa kidogo hutoa nguvu kidogo. Basi nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya dukani hutaipata yote huku kwetu. Kama unaweza, chagua injini ya sindano ya petroli kuliko ya kabureta, kwa sababu ile ya sindano hujipimia petroli yenyewe kwa kadiri ya hewa iliyopo.

Kwa sababu hizo nasema: kwa safari ya kila siku inayozidi kilometa 30 kwenda kwa njia kuu, tazama pikipiki za kadiri, yaani kuanzia cc 200 mpaka 400 hivi. Ziko nyingi duniani. Bajaj Dominar 400 ina cc 373 na nguvu ya farasi kama 40, na injini yake hupozwa kwa maji. Royal Enfield Himalayan ya kwanza ilikuwa na cc 411 na nguvu ya farasi 24 hivi tu, lakini huvuta vizuri bila kupigiwa kelele. Ukilinganisha hizo mbili utaona kwamba ukubwa wa injini peke yake haukuambii yote. Usinunue namba. Uliza nguvu, uliza uzito, halafu omba uipande.

Na kwa nini si kubwa zaidi? Kwa sababu ya mfuko na uzito. Pikipiki hizo mbili nilizozitaja zina uzito wa kilo 180 mpaka 200. Zikikuangukia kwenye matope ya mtaani kwako, utazinyanyua peke yako? Panda juu yake dukani. Kama miguu yote miwili haifiki chini sawasawa, iache, hata kama ni nzuri namna gani. Katika foleni ya Mlolongo utasimama na kuondoka mara mia.

Nimetaja Mlolongo kwa makusudi. Ile njia ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, inatoka Mlolongo mpaka Westlands, kilometa 27, lakini pikipiki haziruhusiwi kupita. Basi mwenye pikipiki atakaa chini kwenye Mombasa Road ya zamani, pamoja na malori na matatu. Asipige hesabu ya safari yake kana kwamba atapita juu.

Jambo la pili ni breki. Hili nataka mlishike kuliko yote. Kwa mwendo wa kilometa 90 kwa saa unakwenda meta 25 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu kuona kwamba lori la mbele limesimama, umekwisha kula meta 25 kabla ya kugusa breki. Na ukishika breki kwa hofu, gurudumu la mbele likijifunga, unaanguka. Breki za ABS huzuia gurudumu lisijifunge. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zililazimisha ABS kwa pikipiki mpya zote zinazozidi cc 125 kufikia mwaka 2017, na India ikafanya hivyo mwaka 2019. Wao hawakufanya hivyo kwa anasa. Basi kama una pesa za kuchagua kati ya pikipiki yenye rangi ya kung'aa isiyo na ABS, na nyingine ya kawaida yenye ABS, usifikiri mara mbili.

Jambo la tatu ni magurudumu na taa. Tairi lenye tyubu likichomwa na msumari huweza kuishiwa upepo mara moja. Lile lisilo na tyubu kwa kawaida hutoa upepo polepole, ukapata nafasi ya kujitoa barabarani. Na taa, ndugu zangu, ziwashwe dukani penye giza mzitazame. Nyinyi mnaondoka saa kumi na moja alfajiri. Taa hafifu kwa mwendo wa 80 ni sawa na kufumba macho.

Jambo la nne ni gharama, maana pikipiki haiishii kwa bei ya dukani. Turudi kwa yule wa Machakos na kilometa zake 2,640. Pikipiki ya 150 inayokwenda kilometa 50 kwa lita itakunywa lita 53 kwa mwezi. Ya 250 inayokwenda kilometa 35 itakunywa lita 75. Ya 400 inayokwenda 28 itakunywa lita 94. Chukua bei ya petroli inayotangazwa na serikali tarehe 14 ya kila mwezi, uzidishe, kisha ulinganishe na nauli yako. Halafu ongeza cheni, ambayo kwa safari kama hiyo yataka mafuta kila wiki. Ongeza oili, matairi, breki na bima. Kama jumla inapita nauli, ujue kwamba unanunua muda wa kulala na wa kuwaona watoto, hununui akiba ya pesa. Huenda muda huo una thamani. Lakini ujue unanunua nini.

Kabla ya kulipa, nenda kwa fundi, si kwa muuzaji. Mwulize: spea za pikipiki hii ziko hapa mjini, au zinaagizwa? Waya wa klachi ukikatika leo, kesho nitakwenda kazini na nini? Spea za Boxer ziko kila mahali. Za pikipiki kubwa mara nyingi haziko hivyo, na pikipiki iliyolala karakana mwezi mzima haipeleki mtu kazini. Kama ni ya mkononi, linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile zilizo katika logibuku, wala usimpe mtu pesa zako zote kabla ya kuhamisha umilikaji kwa njia ya NTSA.

Juu ya zile za umeme nitasema kidogo. Kwa kazi za mjini zimekwisha kuonyesha faida. Kwa kilometa 120 kwa siku, uliza betri moja inafika wapi kwa mwendo wa njia kuu, na utabadilisha betri wapi njiani. Kama jibu si wazi, ngoja kwanza.

Jambo la tano ni mkopo. Wako watu watakaokupa pikipiki leo na kukudai kila siku. Tazama riba inavyohesabiwa. Tuseme umekopa shilingi 300,000 kwa miaka 3, riba asilimia 12 kwa mwaka. Ikihesabiwa juu ya deni lote la mwanzo mpaka mwisho, utalipa riba 108,000. Ikihesabiwa kila mwezi juu ya deni lililobaki tu, utalipa kama 58,700. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni karibu shilingi 50,000. Kwa hiyo nendeni kwanza katika chama chenu cha akiba na mikopo, mkaulize swali hilo moja: riba ni juu ya deni gani?

Sasa nakuja kwenye jambo lililonileta hapa kama mtu wa chama, si kama mpenda pikipiki. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya wafanya kazi walioumia kazini inamwangalia mfanya kazi anayechukuliwa bure kwenda kazini au kurudi kwa gari ambalo mwajiri amelitoa maalum, na linaloendeshwa na mwajiri au mtu wake. Huyo akiumia njiani huhesabiwa kuwa ameumia akiwa kazini. Anayepanda pikipiki yake mwenyewe hayumo katika maneno hayo. Na ile bima ya lazima ya barabarani humlipa yule mwingine uliyemwumiza, haikulipi wewe mguu wako. Basi mtu anayetoka kwenye basi la kampuni akapanda pikipiki yake anauchukua mzigo wa hatari kutoka begani mwa mwajiri na kuuweka begani mwake. Mwajiri hatalalamika. Huenda hata akafurahi, akasema, "Mnaona? Watu wangu wana usafiri wao, basi la nini?"

Tusimpe neno hilo. Pikipiki ya mwanachama mmoja isiwe sababu ya kuwanyang'anya wenzake mia basi lao. Naomba tawi lifikirie mambo matatu. Moja, madai ya usafiri wa wafanya kazi yabaki mezani, hasa kwa zamu za usiku. Mtu aliyesimama kwenye mashine saa 12 hafai kupanda pikipiki kilometa 60 gizani, hata ikiwa na ABS na taa za ajabu. Usingizi hauna breki. Mbili, tudai mahali pa kuweka pikipiki penye paa na mlinzi. Tatu, tutafute mwalimu wa udereva awafundishe wanachama kwa pamoja, maana kujua kupanda mtaani si kujua njia kuu. Leseni yenyewe ni ya daraja A2, na kila mtu awe nayo.

Mwisho ni kofia. Sheria inamtaka apandaye na anayebebwa wavae kofia ya pikipiki na koti lenye kung'aa. Uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali uliokusanywa pamoja mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza vifo vya wapanda pikipiki walioanguka kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Basi ukiwa na shilingi za mwisho mfukoni, usinunue honi wala mapambo. Nunua kofia nzuri inayokushika kichwa, na ufunge mkanda wake. Kofia iliyotundikwa mkononi haijaokoa mtu.

Ndugu zangu, anayetaka kununua anunue kwa akili: nguvu ya kutosha, breki nzuri, spea karibu, riba ya haki. Na asiye na uwezo asione haya kupanda basi, maana basi hilo tutalipigania wote pamoja.

Umoja ni nguvu.