Mshumaa wa Sophie
(Mazungumzo na wanakisomo)



Leo nitawaeleza habari za mwanamke mmoja wa Ufaransa, jina lake Sophie Germain. Alizaliwa mjini Paris tarehe 1 Aprili, 1776.

Mwaka 1789 yalizuka mapinduzi huko Ufaransa. Mitaani kulikuwa na ghasia. Sophie alikuwa na miaka 13, akakaa ndani na vitabu vya baba yake. Humo alisoma habari za Archimedes, bingwa wa hesabu wa zamani, aliyeuawa na askari huku ameinamia michoro yake. Msichana akajiuliza: hesabu zina utamu gani hata mtu asahau upanga?

Basi akaanza kujifunza mwenyewe. Wazazi wakakataa, wakasema hesabu si kazi ya msichana. Usiku walimnyang'anya mshumaa, wakazima moto, wakachukua na nguo zake, ili baridi imrudishe kitandani. Lakini Sophie alificha mishumaa. Wakilala, hujifunga blanketi akasoma, hata wino ukaganda kwa baridi. Mwishowe wazazi walimwacha asome, na baba yake akamtunza kwa fedha.

Mwaka 1794 chuo kikubwa kilifunguliwa Paris. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Sophie akatafuta maandishi ya masomo, akapeleka majibu yake kwa jina la mwanamume, Le Blanc. Profesa Lagrange akashangaa, akataka kumwona huyo Bwana Le Blanc. Kumbe ni mwanamke! Hakumfukuza, alimtia moyo.

Kwa jina hilo hilo alimwandikia Gauss, bingwa wa Ujerumani. Majeshi ya Ufaransa yalipoingia katika mji wa Gauss mwaka 1806, Sophie alimwomba jenerali mmoja amlinde asije akauawa kama Archimedes. Gauss akasema hamjui mwanamke huyo. Mwaka 1807 ndipo Sophie alipomweleza ukweli, naye Gauss akamsifu sana kwa ushujaa wake.

Sasa, alifanya hesabu gani? Haya, chukueni kokoto 11. Zigaweni katika mafungu yaliyo sawa. Haiwezekani, ila ziwe fungu moja tu, au moja moja. Namba ya namna hii huitwa namba tasa. Na 5 ni tasa. Zidisha 5 kwa 2, ongeza 1, unapata 11, tasa tena. Jaribu 7. Unapata 15, na 15 inagawika: mafungu 3 ya kokoto 5. Kwa hiyo 5 imo, 7 haimo. Namba kama 5 zinaitwa kwa jina la Sophie mpaka leo. Alizitumia kushughulikia swali lililokuwa limewashinda mabingwa kwa zaidi ya miaka 150.

Tena, ukimwaga mchanga juu ya bamba la chuma na kulitetemesha, mchanga hujipanga kwa michoro. Kwa nini? Chuo cha wataalamu cha Paris kilitoa shindano. Sophie alijibu mwaka 1811, akakosa. Akajibu tena 1813, akasifiwa lakini hakupewa zawadi. Akajibu mara ya tatu, na mwaka 1816 akashinda. Hata hivyo hakufanywa mwanachama. Chuo hicho kilimpokea mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili mwaka 1979!

Sophie alifariki tarehe 27 Juni, 1831, kwa saratani ya matiti. Alikuwa na miaka 55. Katika cheti cha kifo hawakuandika kuwa ni mtaalamu wa hesabu. Waliandika tu kuwa ni mtu mwenye mali.

Ndugu zangu, akili hainyimwi mtu kwa kuwa ni mwanamke. Kinachonyimwa ni mshumaa. Basi jioni hii, binti au mama akishika daftari, tusimwambie azime taa. Tumsogezee.